Duka la mapicha ya wafalme wa Kihindi wakiwinda, Mji wa Kale: nunueni msitu

Tangu niweke ile picha ya taiga, yule chui milia wa India, kwenye status simu haijapoa. Huyu auliza umetoa wapi, yule auliza bei gani, mwengine ati hiyo ni printi usitudanganye, na kuna shangazi mmoja kaniuliza kama nimeanza kuweka masanamu nyumbani. Nawajibu wote hapa mara moja, mwenye kusoma asome, baadaye sitaki meseji.

Duka liko Mji wa Kale, Mombasa. Ukitoka Fort Jesus waingia Ndia Kuu, wapita maduka ya vinyago na vikoi vya watalii, halafu wakata kichochoro. Halina kibao. Sasa mimi kazi yangu ni vibao, naandika maduka, narembesha tuktuk, matatu za Likoni na za Bamburi nimezipiga rangi nyingi tu, kwa hivyo duka lisilo na kibao laniuma kama jino. Tafuta mlango wa kijani na baiskeli kuukuu imeegemezwa ukutani, ndani feni moja yazunguka kwa hiari yake. Mwenyewe ni mzee wa Kihindi, mzaliwa wa papa hapa, Kiswahili chake kimenyooka kuniliko na mafumbo anayo, ukimjia kwa ujuaji akuacha unacheka mwenyewe huelewi umetukanwa ama umesifiwa.

Wala sikwenda kutafuta picha. Nilikwenda kutafuta brashi. Mtu alinambia kuna mzee auza brashi za manyoya ya kindi kutoka India, nami brashi zetu hizi za kawaida ukitaka mstari mwembamba manyoya yatawanyika kama ndevu za mbuzi. Kweli anazo, shilingi 350 moja, ncha yaishilia kwenye unywele mmoja, nimeijaribu kwenye jina la tuktuk ya jirani na herufi imetoka kama imekatwa kwa wembe. Sasa mzee katika kunionyesha brashi ile yafanya nini akavuta droo, akatoa karatasi moja, na hapo ndipo pesa yangu ya rangi ya wiki nzima ilipopotelea.

Anauza vitu vingi, kalenda, miungu yao, mabibi wamekaa bustanini wanusa maua, hizo mi sikuziangalia. Nilizoganda nazo ni za shikar, yaani za uwindaji, wafalme wa zamani wa India na wakubwa wa kule Rajasthan wakiwinda. Nimerudi mara tano, chai yake nimekunywa kama mkwe, kwa hivyo nayosema hapa si ya kupita njia.

Kwanza muelewe hakuna ya zamani pale. Za asili ziko makumbusho, za mfalme Akbar zile maarufu ziko makumbusho ya Victoria and Albert, London, na mzee mwenyewe hakufichi. Ana aina tatu. Kuna printi za mashine, kati ya 600 na 1,200. Kuna za kuchorwa kwa mkono juu ya karatasi mpya, hizo waigaji wako Udaipur na Jaipur, miji ya Rajasthan, wanakaa chini na brashi kama hii yangu wanaiga picha za mababu zao. Na kuna za kuchorwa kwa mkono juu ya karatasi za zamani kabisa, kurasa za madaftari ya hesabu na za mahakama, zina mihuri na maandishi ya zamani nyuma, zina harufu ya kabati la nyanya. Hizi ndizo za kukuingiza mjini. Mimi niligeuza moja nkaona muhuri, moyo ukaruka, nkasema leo nimeokota dafina, huyu mzee hajui alichonacho, nkaanza kujifanya sijali ili nipatane bei. Mzee kaniangalia tu juu ya miwani. "Karatasi ni mzee, picha ni kijana." Basi nkarudisha uso wangu mfukoni. Ila kwengine msingeambiwa hivyo, mngeuziwa hadithi ya maharaja na bei ya plot.

Ukitaka kujua ya mkono na ya mashine usitumie macho matupu, fungua kamera ya simu ivute karibu mpaka mwisho. Printi itakuonyesha vitone vitone vya rangi. Ya mkono itakuonyesha mistari, na angalia lulu kwenye shingo ya mfalme, lulu za mkono zimewekwa kwa tone la rangi nyeupe nzito, ukiinamisha karatasi kwenye mwanga waona zimevimba kabisa. Halafu geuza nyuma upapase. Karatasi nzuri imesuguliwa kwa jiwe la akiki, akiki hii hii ya pete za babu zetu, mpaka yateleza kama kigae. Ukipapasa ukahisi kama karatasi ya fotokopi mrudishie mwenyewe.

Haya, picha zenyewe. Ya kwanza aliyonitolea ni printi ya Akbar, yule mfalme wa Mughal, ukoo uliotawala India zamani, aliyetawala 1556 mpaka 1605. Kuna staili ya uwindaji wao waita qamargah, nayo kwa kweli ukielezwa wasema hii si kuwinda hii ni kuchinja kwa mpangilio. Maelfu ya watu watandazwa porini wazunguke eneo kubwa, wawafukuze wanyama taratibu kuelekea katikati, duara lazidi kubana na kubana, mwezi mzima hivyo, mpaka wanyama wote wa mkoa mzima wako ndani ya uwanja mmoja, ndipo mfalme aingia na farasi. Hiyo ya kwenye picha ilikuwa 1567 karibu na Lahore, na Akbar alikaa ndani siku tano, leo upinde, kesho mkuki, keshokutwa upanga, kama mtu ajaribu vyombo vipya vya jikoni. Mchoraji Miskina kaipanga kurasa mbili. Mfalme yuko katikati, sawa, ndiye aliyelipa. Lakini macho yako hayakai pale, macho yakimbilia kwa wanyama, wale swala wa kwao wenye pembe zilizosokotwa kama parafujo, wamezunguka kwa kiwewe, mmoja kageuza shingo kumtazama mwenziwe ameanguka. Halafu pembeni huko kuna jamaa kanyolewa kichwa kapandishwa punda. Nkauliza huyu naye? Mzee kacheka. Aitwa Hamid Bakari, alimpiga mshale mtu mwengine wa ikulu humo humo kwenye uwindaji, basi kama adhabu kanyolewa, kapandishwa punda, kazungushwa uwanja mzima watu wamuone. Imagini mfalme aagiza kitabu cha sifa zake na mchoraji ampenyezea na yule wa punda! Mi hapo ndipo nilipowapenda hawa mabwana.

Na kazi waliigawa kama sisi garage. Karakana ya Akbar, mmoja apanga mchoro, mwengine atia rangi, pengine kuna wa tatu ambaye kazi yake ni nyuso tu. Sisi vile vile mmoja apiga praima, mmoja achora, mmoja aandika, na mwenye matatu afikiri ni mtu mmoja.

Sasa hapa ndipo nataka mnisikilize, manake ndiyo sababu naandika. Angalieni picha kumi za hizi muone. Mfalme ni yule yule. Uso wa upande, jicho moja, lulu, kilemba, na kuanzia zama za Jahangir kuendelea wakamuongezea duara la nuru kichwani, kitu walichokiiga kwenye picha za Wazungu. Hapepesi, hatoki jasho, hata simba akiwa mapajani mwake sura ni ya mtu asubiri chai. Hiyo ni kazi ya oda. Mi naijua sana kazi ya oda, mwenye gari akwambia nataka sura yangu hapa, nataka jina la mwanangu pale, nataka tai wa dhahabu, we wachora vile alivyosema na moyo haumo. Moyo wako wautia pale asipoangalia, kwenye jani, kwenye manyoya, kwenye wimbi moja dogo karibu na taili. Hawa nao vile vile. Mfalme ni wa mfalme, msitu ni wa mchoraji. Kwa hivyo mkienda kununua msinunue mfalme, nunueni msitu.

Jahangir, mwanawe Akbar, alitawala 1605 mpaka 1627, huyu alikuwa na ugonjwa wa kuhesabu. Kwenye kitabu chake cha maisha yake kaandika tangu ana miaka 12 mpaka akaribia 50, wanyama waliouawa mbele yake ni 28,532, na aliowaua kwa mkono wake ni 17,167. Nkasema subhanallah. Halafu mzee kaniambia ngoja, uliza hao 17,167 ni nini. Njiwa! Njiwa peke yake ni 10,348, zaidi ya nusu, mtu mzima ana ufalme kakaa na bunduki apiga njiwa. Lakini kwenye picha ni simba tu na taiga, pale dukani sikuona hata moja ya mfalme akilenga njiwa, na nilitafuta kwa makusudi.

Mzee yuko na nakala nzuri ya mkono ya kisa cha Anup Rai, cha 1610. Simba kawarukia, watumishi wakatimka, na Jahangir mwenyewe aeleza bila haya kwamba katika ule mbio alisukumwa akaanguka na watu wawili watatu wakamkanyaga kifuani wakipita! Mfalme wa India nzima, akanyagwa kama mtu wa feri ya Likoni saa kumi na moja jioni. Anup Rai ndiye aliyebaki na simba, kampa mikono yake amtafune, mpaka mtoto wa mfalme Khurram, ambaye baadaye ndiye Shah Jahan wa Taj Mahal, akaja na upanga. Anup Rai akapona, kapewa cheo cha mvunja simba. Nakala ile ya mzee simba kachorwa vizuri, msuli wa bega umetoka, lakini majani ya nyuma mwigaji kayapiga haraka haraka kama mtu wa kukimbilia basi la mwisho. 7,000 aliitaka. Nkaiacha.

Mke wangu alipokuja na mimi mara ya tatu alikwenda moja kwa moja kwa Nur Jahan. Huyu ni mkewe Jahangir, kuna picha yake ameshika gobori, ashindilia mwenyewe, kaichora Abul Hasan na ya asili iko kwenye maktaba ya Rampur huko huko India. Na si pozi tu, Jahangir kaandika mkewe alipiga taiga wanne kwa risasi sita, tena akiwa juu ya ndovu, na ndovu akinusa taiga hatulii. Mke wangu kaichukua ya printi, 900, ameibandika jikoni juu ya friji. Ujumbe umefika.

Kwenye hiyo hiyo droo kuna punda milia. Si wa kuwinda lakini lazima niseme. Mwaka 1621 Jahangir aliletewa punda milia kutoka upande wa Uhabeshi, watu wa ikulu hawajapata kuona kitu kama kile, wakahisi huyu kapakwa rangi, wakamkagua mwili mzima kama ni rangi ya kuoshwa. Halafu kamwita Mansur, fundi wake wa wanyama, kamchora. Wallahi mistari ile Mansur kaifuata mmoja mmoja mpaka kwenye pua na kwato. Mi nimechora punda milia wa magari ya safari labda thelathini maishani mwangu, nilipoiona ile nilitamani niende nikawafute wote.

Kuna za duma pia. Wenyewe waliwinda na duma kama sisi tunavyomjua mbwa. Duma afungwa kitambaa machoni, apakiwa kwenye mkokoteni wa ng'ombe mpaka porini, wakiona swala wamfunua macho, basi. Jahangir kaandika babake aliwahi kukusanya duma 1,000 akitaka wazaane na wakakataa kabisa, kwa hivyo kila duma ilibidi akamatwe mwitu. Miaka yote hiyo wakamata wakamata, na misitu nayo yakatwa, mpaka kwao wakaisha, mwaka 1952 serikali ya India ikatangaza hakuna tena, na hivi karibuni, 2022, ndio wakaletewa wengine kutoka Namibia. Maharaja walishaanza kuagiza duma wa Afrika zamani, hata kutoka Kenya hii. Nilipoambiwa hivyo niliitazama upya ile picha ya duma amefungwa macho kwenye mkokoteni. Sikuinunua, sijui kwa nini, nadhani sikutaka anitazame, ingawa kafungwa.

Nyengine nitazipitia mbio. Za Shah Jahan nzuri kwa dhahabu lakini baridi, kuna moja ya Burhanpur 1630, simba wamezungushiwa wavu na yeye yuko juu ya ndovu apiga, uwindaji gani huu, hata mimi ningeua. Za Udaipur za Maharana Fateh Singh, aliyekufa 1930, ni vichekesho, picha moja ndefu na yeye yumo ndani mara nne tano, hapa apanda mlima, hapa alenga, hapa chui ameshakufa, hapa arudi, kama katuni isiyo na visanduku. Watoto watazipenda. Nguruwe mwitu pia wako tele manake Rajput, wale wakubwa wa Rajasthan, walimpenda sana kumwinda, mwenye nyumba asiyetaka nguruwe ukutani aangalie vizuri kabla ya kulipa, kuna jamaa wa Kibokoni alifika nayo nyumbani ndipo mamake akaona.

Sasa ile yangu. Ile ya status.

Ni ya Kota. Kota ni ufalme mdogo Rajasthan, na kulikuwa na mtawala wao Umed Singh, 1771 mpaka 1819, kakalia kiti akiwa mtoto na mambo ya nchi yakawa mikononi mwa waziri wake Zalim Singh, basi yeye kazi yake ikawa msitu. Wachoraji wake, anayetajwa sana ni Sheikh Taju, walikuwa watu wa mwitu hasa, si watu wa zulia. Kwenye hii yangu ukitazama kwanza humuoni mfalme. Waona miti. Majani, kila jani limechorwa peke yake, kijani juu ya kijani, kijani cha embe bichi, kijani cha mwani, kijani kama cha shaba ikiota kutu, na mawe ya rangi ya zambarau hivi, na mto umepinda chini. Katikati ya majani taiga wawili wamejitokeza, mmoja amekwisha kupigwa ajikunja, mwengine kasimama asikiliza. Chini kuna nyati kafungwa kamba, chambo maskini, na jicho lake lote jeupe. Ndipo upande ule, juu ya mti, ndani ya kichaka, waona vichwa viwili vidogo kama vya njugu na mdomo wa bunduki. Huyo ndiye mfalme. Ndugu zangu, mtu alilipwa na mfalme akachora msitu mzima, mfalme mwenyewe akapewa nafasi ya njugu, na mfalme akaridhika! Mi mwenye matatu mmoja alikataa kulipa kwa sababu sura yake ilikuwa ndogo kuliko taa ya nyuma.

Alisema 9,000. Nkasema 4,000. Chai ikaja. Tukazungumza habari za mvua. Nkasema 5,000. Akasema huyu alokaa kuiga haya majani kakaa wiki nyingi, we wafanya tuktuk kwa siku ngapi? Hapo alinikata. Tukafunga 6,500 na brashi moja juu, nkalipa kwa M-Pesa. Kwa ya mkono, karatasi imesuguliwa, kijani chake si cha kopo moja, naona sijaonewa. Rangi za zamani wenyewe zilikuwa mawe, buluu ya kusaga lile jiwe la Afghanistan, kijani cha jiwe vile vile, nyeupe ya madini ya risasi, dhahabu ya kweli iliyosagwa, za leo nyingi ni za chupa na mzee akwambia wazi ipi ni ipi ukimuuliza. Usipomuuliza hasemi. Hiyo ni moja ya kulalamika, mteja asiyejua maswali aondoka gizani.

Ya pili, na hapa ndipo nyota ya tano inapokatika, ni frem. Mzee hafanyi frem, ampa fundi mmoja hapo karibu, simtaji. Frem yenyewe nje nzuri, mbao safi, kona zimekaa. Lakini kioo kakilaza moja kwa moja juu ya picha na nyuma kafunga na gundi na kikaratasi. Sasa huu ni mji wa pwani, hewa yetu ina chumvi na maji, masika ilipoingia ndani ya wiki mbili kioo kikatoka jasho na kwenye kona ya mto kukaota ukungu, kimdoa kama sarafu. Nilifungua mwenyewe usiku kwa kisu cha jikoni, mikono yatetemeka kuliko siku ya nikaha. Rangi kidogo ilishikana na kioo, majani matatu yamekwenda, nimeyarudishia kwa ile brashi ya kindi na hamtayajua, lakini mimi nayajua. Mkinunua chukueni picha tupu, mpeleke kwa fundi mnayemwamini, mwambieni aweke kadi nene ya kuzunguka ili kioo kisiguse rangi, na msiitundike ukuta unaopigwa na mvua wala unaotazama jikoni. Nilimrudia mzee kumwambia, hakubisha, alinyamaza muda, akanirudishia 1,000 bila kuombwa. Wangapi Mombasa hii wafanya hivyo?

Jambo moja lilinikereketa tangu siku ya kwanza, na nilipomzoea nkamuuliza. Mzee ni Jain, dini ya India isiyokubali kuua kiumbe, wale wenye hekalu lile jeupe Langoni Road. Hali nyama, hali yai, kitunguu hali, hata kiazi hali kwa sababu chang'olewa na mizizi na vidudu vyake. Viazi karai kwake ni dhambi. Na dukani kajaza simba wanaochomwa mikuki. Nkamwambia bhai, hii yaingiaje? Hakukasirika. Kanambia angalia dirishani. Nkatoka nje nkaangalia, na ni kweli, miezi yote nilikuwa sijaona, dirishani picha zote wanyama wako hai. Swala wakunywa maji, ndovu aoga, yule taiga asikiliza. Za kuua zote ziko droo ya chini, wazitaka uziombe.

Halafu kanipa kisa cha Akbar tena. Mwaka 1578, huko Bhera, wameshazungusha qamargah, wanyama wako ndani tayari, watu wasubiri mfalme aanze. Ghafla kitu kikamwingia, waandishi wake wenyewe walijaribu kukieleza, akaamuru duara livunjwe wanyama wote waachiwe waende zao. Na baadaye, miaka ile ya 1580, akamwita mtawa wa Kijain, Hiravijaya, kutoka Gujarat, aje ikulu wazungumze, yule mtawa kaenda kwa miguu, na mfalme akatoa amri kuna siku za mwaka zisichinjwe kitu. Mzee ahadithia hiyo ya mtawa kama ilitokea juzi Makadara. Nkamuuliza picha ya siku ile wanyama wanaachiwa unayo? Akasema angekuwa nayo asingeiuza.

Wakati muzuri wa kwenda ni asubuhi kabla ya jua kuwa kali, mchana hulala na kufuli hatii, mlango urudishwa tu, usimgongee. Droo ya pili kutoka juu ndiyo yenye za Kota, zimebaki mbili nilipoondoka, moja ina mbalamwezi. Mwenye pesa kidogo achukue printi ya Akbar ya 1,200 amtafute yule wa punda.

Nyota nne.

Ile ya mbalamwezi nimemwambia aniwekee. Hatutalipana pesa, nitamuandikia kibao, ameshakubali baada ya kukataa mara tatu. Nilimchorea sampuli na mfalme juu ya ndovu, dhahabu tele, nuru kichwani, nilijua nimemmaliza. Katia kidole juu ya mfalme, akauliza ukimtoa huyu bei yashuka? Nkasema bei ni ile ile. Basi mtoe, akasema, na ndovu mpunguzie kamba. Nianze Jumatatu, kwa hivyo mwenye kwenda kabla ya hapo ashike ile ya mlango wa kijani na baiskeli.